Pesimeka ya waya mbili, mapigo yameganda 130: nianzie wapi?

Wakuu, mgonjwa ana pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) ya DDD, yaani inasikiliza na kupiga vyumba vya juu na vya chini, kikomo cha juu 130 kwa dakika. Mapigo ni 130 kamili, hayapandi wala hayashuki, na yote yanapigwa na kifaa. Presha 110/70.

Jibu 1
Yakiganda kwenye kikomo, shuku mzunguko wa kifaa chenyewe. Pigo la mapema la ventrikali (chumba cha chini cha moyo) hurudisha umeme juu kwenye atria (vyumba vya juu). Waya wa juu huuhesabu kama pigo halali, kifaa kinapiga ventrikali, umeme unapanda tena. Rekodi ECG (mchoro wa umeme wa moyo), weka sumaku juu ya kifaa. Kikiacha kusikiliza atria, mzunguko hukatika.

Jibu 2
Hakikisha kwanza si kifaa cha kushtua moyo! Kwa hicho, sumaku kwa kawaida huzuia shoti tu, upigaji haubadiliki. Na ukiondoa sumaku mbio zikarudi palepale, tafuta atria inayotetemeka, au homa, damu kupungua n.k. Kwa atria inayotetemeka, washa kubadili hali kwenda DDI, ambapo kifaa hakifuati mapigo ya atria.

Jibu 3
Dawa ya kudumu ni kurefusha PVARP, yaani muda baada ya pigo la ventrikali ambao kifaa hupuuza atria. Pima muda wa umeme kurudi juu, ongeza kama milisekunde 50: ukiwa 240, weka 290. Ila usijisahau: AV (muda kati ya pigo la atria na la ventrikali) 180 + 290 = 470 za kutofuata atria, na 60,000 (milisekunde za dakika) ÷ 470 ni takriban 128. Kikomo cha 130 hakitafikiwa. Atria ikipita 128, pigo moja kati ya mawili litaachwa. Pima pia kizingiti cha waya wa atria (umeme mdogo kabisa unaoiamsha), maana pigo la waya huo lisipoamsha atria, mzunguko huweza kuanzia hapo.