Mzee katolewa mfuko wote wa chakula, akinywa uji anatoka jasho na kuharisha

Muuguzi_Upasuaji: Habari za kazi wadau. Mgonjwa ni mzee wa miaka 73, kilo 48, katolewa mfuko wote wa chakula kwa saratani wiki 3 zilizopita. Kidonda kimefunga vizuri. Nyumbani anapewa uji wa lishe bakuli zima mara 3 kwa siku, sukari vijiko 4 vya chai, na juisi ya rosela ya kuongeza damu. Robo saa baada ya uji moyo unaenda mbio, jasho linamtoka, tumbo linamkata, anaharisha. Sasa anaogopa kula na kapungua kilo 2. Familia wameanza kutia kimea uji uwe mwepesi. Nianze kubadilisha wapi?

AfisaLishe: Sukari itoke leo. Mfuko uliokuwa unahifadhi chakula na kukiachia kidogo kidogo haupo tena, kwa hiyo uji mtamu unaingia utumbo mwembamba wote kwa mkupuo na kuvuta maji kutoka kwenye damu. Ndiyo hayo mapigo ya moyo na kuharisha. Juisi nayo isitishwe.

Kimea pia kiachwe. Tunakipenda kwa sababu kijiko kimoja tu hulegeza uji mzito mpaka ukamiminika, lakini kinafanya hivyo kwa kuukata wanga kuwa sukari. Anayemeza kwa shida lakini mfuko wake wa chakula upo kitamsaidia. Kwa mzee huyu ni kuirudisha sukari uliyoitoa.

Ale mara 6 hadi 8, kila mara kama mililita 150, chakula kizito kuliko cha kunywa: kiazi kilichopondwa na yai, ugali laini na samaki aliyetolewa miiba, ndizi za kupika na nyama ya kusaga. Atafune polepole. Maji anywe nusu saa baada ya kula, siyo pamoja na chakula. Akimaliza aegemee mito kwa dakika 20 hadi 30, asilale chali kabisa, nyongo itapanda kooni.

Mtaalamu_Chakula: Naongezea protini, maana hapo ndipo wazee wengi wanapoishia kukonda misuli. Kwa kilo 48 lenga gramu 1.5 kwa kila kilo, yaani 72 kwa siku, na kalori 1,440 hivi. Kikombe cha uji wa nafaka kina gramu 2 au 3 tu! Mayai 2 yanatoa 12, mtindi usio na sukari vikombe 2 vidogo 14, samaki au kuku gramu 90 aliyepikwa 23, siagi ya karanga vijiko 2 vya chakula 8, maharage yaliyopondwa nusu kikombe 7. Nafaka za siku nzima zitamalizia. Supu ya mifupa isihesabiwe kabisa. Protini iko kwenye nyama iliyobaki sufuriani. Na mwulize kuhusu meno ya bandia. Akikonda yanalegea, anaacha nyama bila kusema.

AfisaLishe: Damu ya mzee huyu haitaongezwa na rosela. Bila mfuko wa chakula, vitamini B12 ya kwenye chakula hainyonywi, kwa hiyo anahitaji sindano maisha yake yote: haidroksokobalamini mikrogramu 1,000 kila miezi 3 ndiyo ratiba iliyozoeleka. Madini ya chuma yapimwe pia.

Akitetemeka au kuchanganyikiwa saa 1 hadi 3 baada ya kula, hiyo ni sukari kushuka. Pima kidoleni; ikiwa chini ya 3.9 mmol/L mpe sukari kidogo papo hapo. Chakula kikikwama kifuani, huenda mshono unaounganisha umio (bomba la chakula) na utumbo umebana na unahitaji kutanuliwa. Homa au maumivu makali, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Muuguzi_Upasuaji: Asanteni sana. Maziwa fresh je? Nayo yanamharisha.

Mtaalamu_Chakula: Yaache kwa sasa, sukari yake ya asili inamshinda. Mtindi umepunguziwa sukari hiyo na bakteria. Anza na vijiko 4 vya chakula kwa mara moja, uongeze kila siku 2 akivumilia, na mpime uzito kila wiki kwa mzani uleule, asubuhi kabla hajala.