Ushauri: kompyuta ya kuhifadhi na kuonyesha video za familia sebuleni, bajeti laki tisa

Mwana_Chumbageni (Tanga)

Wakuu, habari za leo. Naomba mawazo yenu kabla sijapanda basi kwenda Kariakoo.

Marehemu baba alikuwa mpiga video hapa Tanga tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini: harusi, maulidi, mahafali ya madrasa. Ametuachia kanda za VHS karibu 40, kaseti ndogo za MiniDV kadhaa, na DVD alizochoma mwenyewe baadaye. Humo ndani yumo bibi yetu akiimba na kusimulia, na wajukuu wengi hawakumkuta. Mama anataka sana kuziona. Kaka yuko Muscat, dada yuko Mombasa, nao wananiuliza kila wakipiga simu.

Nia yangu ni kompyuta moja ikae karibu na TV, ibebe video zote pamoja na picha za simu zetu. Mtu awashe TV achague kwa rimoti, na simu za nyumbani ziangalie kwa WiFi. Kaka na dada nao wapate. TV ni ya Android, intaneti ni ya ruta ya 4G. Umeme mtaani kwetu hukatika na kurudi kwa nguvu, na kwenye LUKU tuko D1, bei ya wanaotumia umeme kidogo.

Fundi mmoja kanipa orodha: kompyuta kubwa mpya ya Core i7, RAM GB 32, kadi ya picha na diski nne za kufungwa RAID, yaani zifanye kazi kama moja. Imezidi bajeti mara mbili. Je, ni lazima? Natanguliza shukrani.

FundiMawimbi (Dar es Salaam)

Mkuu, pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kuzithamini kazi zake. Orodha hiyo achana nayo.

Seva ya video, yaani kompyuta inayogawa video kwa TV na simu, hutaka nguvu pale tu TV au simu inaposhindwa kusoma faili, ikabidi seva iigeuze papo hapo wakati unaangalia. Wenyewe tunaita transkodi. Faili ikiwa imeandaliwa vizuri tangu mwanzo, seva inaisukuma tu kama ilivyo, na hapo hata kompyuta ya ofisi ya zamani inatosha. Video ya VHS ya PAL, mfumo wa TV unaotumika kwetu, ukiinasa inakuwa na ukubwa wa nukta 720 kwa 576. Ni ndogo sana kwa kompyuta yoyote ya miaka kumi iliyopita. Picha yake ikandamize kwa mfumo wa H.264, sauti kwa AAC, faili liwe la MP4, basi TV ya Android itaisoma bila msaada.

Zitakazosumbua ni video za simu mpya, maana nyingi hurekodi kwa HEVC, mfumo mpya zaidi wa kukandamiza video, na nyingine ni za rangi za biti 10. Hapo tafuta prosesa ya Intel kizazi cha 7 kwenda juu, yenye kadi ya picha ya ndani. Kizazi cha 6 kinaishia HEVC ya biti 8. Ile sehemu ya kugeuza video iliyomo ndani, iitwayo Quick Sync, ndiyo itafanya kazi yote, kwa hiyo kadi ya picha ya kununua haina kazi hapo.

Tena soko liko upande wako. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya bure Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Maofisi yanauza za kizazi cha 6 na 7, na muuzaji wa mtumba anajua kwamba wateja wanaziogopa. Wewe utaweka Debian, mfumo wa bure wa Linux, kwa hiyo hilo halikuhusu. Jadili bei bila haya.

Bi_Pangani (Tanga)

Nakuunga mkono FundiMawimbi, ila kaka uliyeuliza usikimbilie zile ndogo za kushika mkononi ingawa zinapendeza. Chukua ile ya kati, wanaita SFF: Dell OptiPlex 7050 au 7060, HP EliteDesk 800 G3 au G4, au Lenovo za aina hiyo. Ndogo kabisa hupokea diski ya inchi 2.5 tu, na diski kubwa utalazimika kuining'iniza nje kwa waya wa USB na adapta yake. Umeme ukicheza, watoto wakipita, waya unachomoka katikati ya kuandika. SFF inameza diski ya inchi 3.5 ndani.

Sababu ya pili ni zile kaseti za MiniDV. Mle picha tayari ni ya dijitali. Ukizitoa kwa waya wa FireWire unapata nakala halisi, biti kwa biti, ila kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo. SFF ina nafasi ya kuchomeka kadi ya FireWire, ile ndogo haina. Kwenye Debian kuna programu inaitwa dvgrab, inavuta kaseti na kuikata yenyewe kila kamera iliposimamishwa. Usikubali fundi akutolee MiniDV kwa nyaya za njano, nyeupe na nyekundu. Hapo unaigeuza analojia halafu unairudisha dijitali, na ubora unapotea bure.

Mzee_wa_LUKU (Morogoro)

Kijana, umesema D1 na wenzangu wamelipita. Hapo ndipo pesa itakapotoka kila mwezi.

D1 ni uniti moja kwa Sh 100 kabla ya tozo, mradi msizidi uniti 75 kwa mwezi. Mkizidi, uniti za juu zinapanda hadi Sh 350, na mkizoea kuzidi mnahamishiwa T1, ambako uniti ni Sh 292 na ukijumlisha kodi na tozo inafika kama Sh 356. Sasa piga hesabu. Kompyuta ya yule fundi ikila wati 60 usiku na mchana, kwa siku 30 ni uniti 43. Hiyo peke yake ni zaidi ya nusu ya fungu lenu, bado friji, taa na pasi. SFF iliyotulia, ukichukulia wati 20, ni uniti 14 na ushee.

Na kwani lazima iwake usiku kucha? Iwekeni ijizime saa sita usiku na kuwaka alasiri. Kwenye BIOS, menyu ya msingi inayofunguka kabla ya mfumo kuwaka, mna mpangilio wa saa ya kuwaka yenyewe, na mwingine wa kuwaka umeme unaporudi.

kijana_wa_Kisauni (Mombasa)

Mbona hamjataja Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya bodi moja? Inakula umeme kidogo kuliko zote, na rimoti ya TV inaiendesha kupitia waya wa HDMI. Ukiweka Kodi, programu ya kuonyesha video, mama anachagua kwa vidole viwili.

FundiMawimbi

@kijana_wa_Kisauni kwa kuonyesha peke yake uko sahihi, na hilo la rimoti ni faida ya kweli, maana kompyuta nyingi za mezani hazielewani na rimoti ya TV. Lakini Pi 5 ya mwaka 2023 haina kabisa sehemu ya kuandikia video, na hata kisomaji cha H.264 waliondoa, wakabakiza cha HEVC. Siku simu ya dada itakapohitaji video igeuzwe, itakwama. Na TV yake ni ya Android: aweke Jellyfin kwenye kompyuta iwe seva, na programu yake kwenye TV yenyewe, rimoti ileile itafanya kazi, na kompyuta ikae hata chumba kingine kwa waya wa mtandao.

Nimesema Jellyfin kwa sababu ni ya bure yote. Ilizaliwa Desemba 2018 pale Emby, programu ya aina hiyohiyo, ilipofunga msimbo wake, watu wakaendeleza toleo lililokuwa wazi. Plex, mshindani wake, ni nzuri, lakini kutumia Quick Sync kwenye transkodi unalipia, na tangu 2025 hata kuangalia ukiwa mbali na nyumbani kunalipiwa.

Mtunza_Kanda (Zanzibar)

Ndugu zangu, nimewasoma wote kwa heshima. Lakini mnabishana juu ya kompyuta, kitu kinachouzwa kila mtaa, wakati kanda zinakufa.

Mwanangu Mwana_Chumbageni, pesa yako ya kwanza iende kwenye kunasa kanda na kuwa na nakala mbili. Kompyuta ije baadaye, hata ya kuazima itafaa kwa kuanzia. Funai, kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, ilifunga mstari wake Julai 2016. Kila deki iliyobaki duniani ni nzee, na hewa ya pwani yetu haizihurumii kanda. Joto na unyevu hulegeza gundi inayoshika chembe za sumaku, na ukungu huota pembeni mwa mkanda. Kila mwaka unaopita unapunguza kitu ambacho hakuna prosesa itakayokirudisha.

Kabla ya yote, vunja kile kipande cha plastiki mgongoni mwa kila kanda ili asitokee wa kurekodi juu yake. Tafuta deki nzima yenye tundu la S-Video. Hizo ni za aina ya S-VHS, ni adimu, lakini waulize wapiga video wa zamani waliofanya kazi na baba yako, wengi wanazo stoo. Nunua kifaa cha kunasa cha USB kutoka kwa mtu atakayekuruhusu kukijaribu, maana bandia ni nyingi, na dalili yake ni sauti kuachana na midomo baada ya dakika kadhaa. Kwenye programu ya kunasa chagua PAL, picha 25 kwa sekunde. Kanda za Oman nazo ni PAL, hazitakusumbua.

Hifadhi kanda ilivyo kwanza, bila kuikandamiza mno. Kila picha ya VHS ina nusu mbili, mistari ya witiri na ya shufwa, na kwenye TV ya kisasa mtu akisogea utaona kingo zake zina meno kama kitana. Wengi huzichanganya nusu hizo wakati wa kunasa, mwendo wa ngoma unaharibika moja kwa moja. Wewe nasa na meno yake, kisha tengeneza nakala ya kuangalia kwa programu ya ffmpeg na kichujio chake cha bwdif kinachoondoa meno hayo, upate picha 50 kwa sekunde. Ukiona mama zetu wanavyocheza kwenye nakala hiyo utajua kwa nini nasisitiza.

Ukubwa: kanda ya E-180 ni saa 3. Kanda 40 ni saa 120 zikijaa. Kwa mfumo wa DV, ule wa kaseti za MiniDV, GB 13 kwa saa, ni kama TB 1.6. Bila kupoteza chochote, kwa mifumo ya FFV1 au HuffYUV, weka GB 30 kwa saa, TB 3.6. Nakala za kuangalia kwa megabiti 5 kwa sekunde zote pamoja hazifiki GB 300.

Mwana_Chumbageni

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Basi diski ya TB 4, na kompyuta ya bei ya chini kabisa inayofaa. Sasa RAID niache? Na kaka wa Muscat ataangaliaje? Nimesikia ruta za 4G hazifikiki kutoka nje.

Bi_Pangani

RAID achana nayo. Inakulinda na diski moja kufa, haikulindi na radi, mwizi, wala mtoto aliyefuta folda. Pesa hiyo nunua diski ya pili inayokaa nyumba nyingine. Zifomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. ExFAT, ule wa flashi nyingi, haina jedwali la kumbukumbu za uandishi, umeme ukikatika katikati inaweza kuvuruga folda nzima. Na UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika, ya VA 650 ni ya lazima, iunganishwe kwa USB na programu ya NUT ili kompyuta ijizime taratibu betri ikishuka. Betri yake mara nyingi ni ile ya volti 12, Ah 7, ileile ya kengele za wezi, kwa hiyo kuibadilisha si taabu.

Kuhusu kaka: ni kweli, mitandao ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, huwezi kufungua mlango wa kuingilia. Watu wengi watakwambia weka Tailscale. Hiyo ni VPN, njia ya siri ya kuunganisha vifaa kupitia intaneti, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Oktoba 2023 ilitangaza kwamba watumiaji wa VPN watoe taarifa zao kwake. Oman nako wana masharti yao. Fuatilia kwanza pande zote mbili.

Mimi ningefanya hivi: kaka akija kwa sikukuu, abebe diski ya pili ikiwa imejaa. Akifika aichomeke kwenye kompyuta yake, na pande zote mbili muweke Syncthing, programu ya kulinganisha folda za kompyuta mbili. Itatambua faili zilizopo bila kuzituma upya, na baada ya hapo inapitisha mpya tu, kidogo kidogo, hata kupitia ruta ya 4G. Kaka anaangalia kutoka kwenye diski iliyo ndani ya nyumba yake, haikwami kamwe, na papo hapo mna nakala iliyo mbali na Tanga. Ila sikiliza sana hapa: Syncthing ikiona umefuta faili huku, inafuta na kule. Upande wa Muscat weka folda iwe ya kupokea tu, na washa utunzaji wa matoleo ya zamani.

kijana_wa_Kisauni

Na dada wa Mombasa ni karibu tu, flashi ya nakala za kuangalia inatosha. Nakubaliana na dada Bi_Pangani.

Swali moja: DVD za filamu za kununua nazo unaweka humo?

Mwana_Chumbageni

Hapana kaka, hizo zina wenyewe na sheria ya hakimiliki ipo. Hii ni ya kazi za baba na picha zetu.

Basi mpango ni huu: kwanza deki na kifaa cha kunasa, kisha diski mbili, UPS, halafu OptiPlex 7050 SFF ya mtumba kwa pesa itakayobaki. Kaka amekubali kununua diski moja huko huko. Kanda tano zina vumbi jeupe pembeni ukichungulia kwenye kioo chake. Hizo nianze nazo kwa kuwa ziko hatarini zaidi?

Mtunza_Kanda

Marahaba. Hapana, usiziingize kabisa! Huo ni ukungu. Utashika kichwa cha deki na kuhamia kwenye kanda safi zitakazofuata. Zitie kila moja kwenye mfuko wake, weka mahali pakavu mbali na nyingine, ziwe za mwisho, na zipitie deki ya pili usiyoijali baada ya kufunguliwa na kufutwa na mtu anayejua.

Zile safi, kila moja izungushe hadi mwisho na kuirudisha kabla ya kuicheza, kwa kuwa mkanda uliokaa miaka mingi unagandamana. Picha ikianza kuwa na chengachenga, simamisha, safisha kichwa kwa pombe ya isopropili ya asilimia 99 na kipande cha ngozi laini, ukizungusha silinda iliyobeba kichwa hicho kwa mkono huku ngozi imetulia. Usisugue kwenda juu na chini, utakivunja. Pamba ya masikioni usitumie, nyuzi zake hunasa.

Na mama akae pembeni wakati unanasa, wewe na daftari. Taja faili kwa mwaka kwanza, kisha tukio na mtaa, mfano "1993 Harusi Ngamiani", ili Jellyfin izipange zenyewe kwenye maktaba ya video za nyumbani. Majina ya watu anayowatambua yaandike kwenye faili la maandishi lenye jina lilelile. Anza na ile ya bibi.