Beetle ya 1966: mabomba ya ekzosi yanagusa bodi, na bampa la nyuma limekaa upande

Chumbageni66 (Tanga)

Wakuu, heshima kwenu. Nina Volkswagen Beetle ya 1966, injini 1300, zile za bampa la zamani lenye mkunjo. Ilikuwa ya marehemu baba mkubwa na sasa iko mikononi mwangu, nataka irudi barabarani ikiwa na heshima yake.

Sailensa ilikuwa imeoza hadi mkono unaingia. Nimeagiza mpya pamoja na yale mabomba mawili ya kromu ya kutokea nyuma, na wiki iliyopita imefungwa. Tatizo, bomba la kushoto linaegemea ukingo wa ile nusu duara iliyokatwa kwenye bati la nyuma, chini ya kifuniko cha injini. La kulia lina nafasi ya kupitisha kidole gumba. Na yote mawili yamekaa chini, yaani hayaingii vizuri kwenye nafasi zake. Asubuhi nikiwasha linagonga bati mpaka injini itulie. Rangi pale imeshabanduka, chuma kinaonekana.

Bampa nalo limepanda kulia na kushuka kushoto, ukisimama nyuma unaliona bila hata kupima. Fundi wa bodi anasema dawa ni kupanua nafasi kwa grenda, halafu akunje mikono ya bampa kwa moto. Roho inasita. Bati lile ni la kiwandani. Nianzie wapi?

KandoYaZiwa (Mwanza)

Usikate bati mkuu. Pasha moto hilo bomba la kushoto, livute kidogo kuelekea kulia, kazi imeisha. Kromu itabadilika rangi kidogo lakini iko chini huko, nani ataiona.

FundiGerezani (Dar es Salaam)

Mwanangu, grenda iwekwe chini kwanza. Na moto pia, ndugu yangu wa Mwanza, samahani.

Mimi ni wa Volkswagen tangu wenzangu wote hapa mtaa wa Gerezani walipohamia kwenye Corolla, na gari likija na lalamiko kama hili mara nyingi bati halina kosa wala sailensa haina kosa. Angalia gari lako limejengwaje. Bati na bampa vimeshikwa na bodi. Sailensa imeshikwa na injini: inafungwa kwenye vichwa vya silinda kwa upande wa nyuma, silinda ya pili na ya nne, kisha inaungana kwa klipu na mabomba yanayotoka silinda ya kwanza na ya tatu. Na injini ya Beetle haina mguu wake. Imefungwa kwenye gia boksi kwa bolti nne, inaning'inia nyuma, na gia boksi ndiyo inayokaa kwenye raba, moja mbele na mbili nyuma. Raba hizo zikinyweshwa oili miaka na miaka zinalainika na kubonyea, injini nzima inashuka mkia. Ncha za mabomba ndiyo mwisho kabisa wa mzigo huo, kwa hiyo raba ikibonyea kidogo tu, ncha zinahama sana.

Ndiyo maana mabomba yenyewe yanakueleza. Yote mawili yakiwa chini, tazama raba. Yote yakisogea upande mmoja, raba ya upande mmoja imechoka zaidi, au bati lilishabadilishwa na kuchomewa pembeni. Moja likiwa sawa na jingine limepotoka, hapo ndipo uilaumu sailensa. Yako yako chini na yamesogea kushoto. Mimi naona raba.

Hakikisha hivi. Gari likae pa tambarare, weka kabari magurudumu ya mbele. Chukua jeki yenye magurudumu na kipande cha ubao mnene, ubao ukae chini ya gia boksi. Chini ya injini usiguse: pale kuna kile kifuniko cha duara cha kumwagia oili, ukikijeki kinapinda, na nyumba ya injini yenyewe ni ya magnesiamu, haikuumbwa kubeba gari. Pandisha taratibu, huku mwenzako amechuchumaa nyuma anatazama mabomba. Yakipanda na kurudi katikati kabla bodi haijaanza kunyanyuka, umepata jibu lako bila kutumia hata shilingi.

Swali moja: ukiachia klachi kwa gia ya kwanza, gari linatetemeka?

Sasa ona ushauri wa kupinda bomba. Tuseme umelipinda leo, limekaa katikati. Mwakani unabadilisha raba, injini inapanda mahali pake, na bomba linaelekea kulia. Umeharibu kitu kizima ili kifuate kigonjwa.

BeetleYaEastlands (Nairobi)

Nakubaliana na mzee hapo juu kwa kila neno. Naongeza upande wa bampa, kwa sababu mimi nililipangilia langu mwenyewe kwa ajili ya Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, ambako majaji huangalia mpaka chini ya gari.

Dada zangu na kaka zangu, msipime bampa kutoka ardhini. Sakafu ya gereji si sawa, na springi za Beetle za miaka hii hazilingani kulia na kushoto. Pima kutoka kwenye bodi: nafasi kati ya bampa na kila madigadi, halafu kutoka bampa hadi ukingo wa chini wa kifuniko cha injini, pande zote mbili. Mimi natumia kijiti nilichokata kwa urefu ninaoutaka, kinaniambia ukweli haraka kuliko tepu.

Mikono ya bampa inapita kwenye tundu la madigadi, pale penye raba, na kufungwa kwenye bodi kwa ndani. Matundu ya bolti yana nafasi ya kucheza, kwa hivyo usikunje chochote kabla hujalegeza bolti zote na kuliacha bampa lijikalie. Halafu ingiza mkono nyuma ya madigadi upapase pale mkono wa bampa unapofungwa. Gari la pwani kutu huanzia hapo: matope yaliyojaa chumvi yanakaa miaka bila kuoshwa. Upande wako ulioshuka ni kushoto, anza na kushoto. Kama bati limeoza, bampa halitakaa hata ukilipima namna gani, litashuka tena barabarani.

Na uulize hivi: madigadi ni ya awali? Kuanzia modeli za 1968 VW walibadilisha bampa likawa la mraba na kukaa juu zaidi, na madigadi pamoja na bati la nyuma vikabadilika pia. Watu wa hapa huchanganya vipuri vya kabla na baada ya badiliko hilo, kisha wanashangaa kwa nini hakuna kinacholingana.

Chumbageni66

Asanteni sana. Leo nimefanya jaribio la jeki na mdogo wangu. Mabomba yamepanda yote mawili, na la kushoto limetoka kabisa kwenye ukingo. Bodi haikuwa imesogea. Nimelala chini na tochi: raba ya nyuma kushoto imevimba kama maandazi na inang'aa oili.

Na ndiyo mzee, klachi inatetemeka, nilidhani ni sahani ya klachi.

Bampa: madigadi ni yake. Kushoto kwa ndani kuna kutu, bisibisi inazama.

FundiGerezani

Vizuri. Hiyo bisibisi inayozama ishughulikiwe na fundi wa bodi huyohuyo, lakini kwa kukata palipooza na kuchomea bati jipya, na bampa lifungwe mahali pake wakati anashikiza, lisije likachomewa kwa kukisia.

Raba badilisha zote tatu, maana injini lazima ishushwe hata hivyo. Tafuta oili inatoka wapi kabla hujaweka mpya, mara nyingi ni sili ya injini upande wa gia boksi. Ala, yaani ganda la nje, la kebo ya klachi, linapotoka kwenye chesisi kwenda gia boksi, liwe na mkunjo wa kushuka sentimita 2.5 hadi 4.5. Gia boksi ikikaa chini mkunjo huo unaharibika, na mtetemeko wako mwingi unatoka hapo, kwa hiyo usinunue sahani bado.

Ukirudisha injini, sailensa ifungwe upya toka mwanzo. Gaskiti mpya zote. Ingiza kila kitu kikiwa kimelegea, isukume sailensa ikae yenyewe bila kulazimishwa, kisha kaza nati za kwenye vichwa, kulia kidogo, kushoto kidogo, mpaka kama Nm 20. Usizidishe, stadi (zile bolti zisizo na kichwa) ziko kwenye alumini. Baada ya hapo klipu, na yale mabomba mawili ya kromu yafuate mwisho, urefu wa kutokeza uwe sawa kulia na kushoto. Bampa lipangwe baada ya hayo yote.

Nimebakiza moja ambalo watu wanalipuuza, na kwa joto la Tanga halipuuziki. Mabati yanayozunguka injini na ile raba ya pembeni yake yarudi yote, hata kile kibati kidogo cha mabomba ya kupasha manifoldi, lile bomba la kupeleka petroli na hewa kwenye silinda. Yanatenganisha hewa ya moto ya sailensa chini na hewa baridi inayovutwa na feni juu. Ukiacha tundu, feni inavuta moshi na joto, na silinda ya tatu ndiyo inayoungua kwanza.

Chumbageni66

Vibati viwili sinavyo. Fundi alivitoa akasema ni vya urembo. Naenda kuvidai kesho asubuhi.