Fataki za jirani zimenitorosha mbwa, halafu ananiambia "ni mbwa tu"

Wakuu, nimevumilia wiki nzima. Leo naandika kwa sababu asubuhi jirani yangu amenisalimia huku anacheka: "Vipi, mbwa wako ameshapona woga?"

Niko Tabata. Mkesha wa Mwaka Mpya huyu bwana kapanga fataki zake ukutani, ukuta uleule ambao upande wangu ndipo lilipo banda la Popi. Saa sita kaanza, saa saba na nusu bado analipua. Na mchana wake nilimtumia ujumbe kwa adabu zote, nikamwomba asogee hata kwenye kile kiwanja cha mpira mwisho wa mtaa. Akanirushia kidole gumba. Mimi mjinga nikajua tumeelewana.

Popi ni mbwa wetu wa kienyeji, ana miaka saba, anabwekea hata kivuli cha muuza samaki. Usiku ule nilimkuta kajibanza kwenye kona ya banda, anatetemeka, kajikojolea. Nikafungua banda nimwingize ndani, na hapo kosa ni langu, nakubali, kwa sababu geti lilikuwa wazi kwa ajili ya wageni. Ikalia fataki nyingine, akanipita katikati ya miguu. Basi.

Siku mbili tunamtafuta. Vijana wa bodaboda ndio waliomwona kule Barakuda, chini ya lori bovu. Nyayo zimechubuka hadi nyama inaonekana, kucha moja imeng'oka. Daktari wa mifugo kasafisha, kachoma sindano, Sh 80,000 imeondoka, na Januari ndiyo hii ya ada.

"Ni mbwa tu." Sikio lako wewe linaishia mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, la mbwa linapita 40,000. Halafu yeye hana kalenda, hajui kama leo watu wanafurahi. Kwake ule ni mwisho wa dunia. Na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo nchi hii tangu 2008, sikuitunga mimi.

Nisimwonee jirani peke yake, hata kwangu kulikuwa na vituko. Krismasi nimemkuta shemeji anamwagia Popi makombo ya pilau na mifupa ya kuku. Mfupa wa kuku ukishapikwa unapasuka vipande vyenye ncha, unaweza kutoboa utumbo. Vitunguu navyo vinaharibu damu ya mbwa. Nilipomzuia nikaambiwa nina maringo, nafuga mbwa kizungu. Sawa, ila bili ya daktari hatulipi naye.

Mwakani Popi analala chumbani kuanzia saa kumi na mbili jioni, madirisha yamefungwa, pazia chini, redio inaongea, geti nalifunga kwa kufuli hata wageni wanune. Kola yenye namba yangu ya simu nimeshamvalisha. Lakini mbona anayejifungia ni mimi, na mwenye baruti anatamba nje?

Nimekwenda kwa mjumbe. Kanisikiliza vizuri tu, kisha akasema niandike barua, na mlalamikaji awepo siku ya kikao. Nikamwambia mlalamikaji ni mimi. Akasema hapana, aliyeumizwa.

Mwenye uzoefu na haya mambo anisaidie, nimpeleke Popi kikaoni?