Jeni ya selimundu ipo tangu mimba, mbona mtoto haumwi hadi miezi 6?

Mnukuzi
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mtoto wa SS (aliyerithi jeni ya selimundu kwa baba na mama) ana kosa kwenye DNA ya kila seli tangu mimba inatungwa. Mbona kuvimba vidole na maumivu huanza akikaribia miezi 6? Na kile kipimo cha dithionaiti (kemikali ya kutafutia HbS, hemoglobini ya selimundu) huweza kutoka hasi akiwa mchanga, halafu baadaye anathibitika SS. Jeni inakuwa imelala?

DamuNyekundu
Mkuu, kwa sehemu kubwa ndiyo, bado haijaamka sawasawa. Tuanze na kosa lenyewe. Jeni ya beta, inayotengeneza mnyororo mmojawapo wa hemoglobini, huanza kusomwa hivi: ATG GTG CAT CTG ACT CCT GAG GAG. Kwenye selimundu ile GAG ya kwanza ni GTG, herufi moja tu, na ribosomu (kiwanda cha protini) ikifika hapo huweka asidi amino valini badala ya glutamati. Watu hubishana kama ni kodoni (kundi la herufi tatu) ya 6 au ya 7. Ukihesabu na ATG ni ya 7, lakini methionini ya mwanzo huondolewa mnyororo ukiwa bado unatengenezwa, kwa hiyo kwenye protini iliyokomaa (asidi amino 146) kosa liko nafasi ya 6.

Kosa hilo halina madhara mpaka jeni inukuliwe (inakiliwe kuwa RNA) kwa wingi. Kwenye kromosomu ya 11 jeni zimepangana: epsiloni, gama mbili, delta, beta. Kando yake kuna kipande cha DNA cha kudhibiti kinachojikunja na kugusa promota zao (sehemu za kuanzishia unukuzi) kwa zamu. Kabla ya kuzaliwa zamu ni ya gama zaidi. Gama haina ile valini, na hemoglobini yake (HbF) inazuia nyuzi za HbS zisirefuke. Mtoto huzaliwa HbF ikiwa nyingi kuliko zote, kisha hushuka mwezi baada ya mwezi kadiri beta inavyochukua nafasi. Kinga inaondoka hapo.

Uboho
Anayeizima gama ni protini BCL11A. Hushika herufi TGACCA kwenye promota ya gama, kama herufi 115 kabla ya unukuzi kuanza.

Kuhusu kipimo: dithionaiti hunyang'anya oksijeni, HbS inaganda, mistari nyuma ya tyubu haionekani. Kwa mchanga HbS ni kidogo, mistari inaonekana vizuri, unaandika hasi kimakosa. Chini ya miezi 6 usikitumie kabisa. Tenganisha hemoglobini kwa umeme au HPLC (mashine ya kuzitenganisha). F ni hemoglobini ya mtoto, A ya kawaida, S ya selimundu: FS inaashiria SS, FAS ni mbebaji, FA ni kawaida. Uliza kwanza kama ameongezewa damu, maana A ya mchangiaji itamgeuza FS kuwa FAS. Subiri siku 120 au pima DNA.

Mnukuzi
Shukrani sana. Basi si waiharibu jeni ya BCL11A moja kwa moja?

Uboho
Hapana, limfositi B na ubongo vinaihitaji. Ndani ya introni yake ya 2 (kipande cha jeni kisichoingia kwenye protini) kuna kichocheo, yaani DNA inayoongeza unukuzi, kinachofanya kazi kwenye seli zinazozaa chembe nyekundu tu. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, hukata hapo kwenye seli shina za mgonjwa, zikiwa zimetolewa nje ya mwili. BCL11A inapungua kwenye ukoo wa chembe nyekundu, gama inarudi kunukuliwa. GTG yenyewe inabaki palepale.