Tupeane uzoefu: kinywaji cha matunda chenye gesi na kisicho na kilevi kwa ajili ya sherehe

Mwanzisha mada, Sakina

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Katika kikao cha maandalizi ya ubarikio wa mtoto wa kaka yangu tulifika kwenye kipengele cha vinywaji, na kama kawaida fungu la bia na kreti za soda likapitishwa haraka, kisha mama mmoja akauliza kwa upole kama sisi tusiokunywa pombe tutaendelea kupewa soda zilezile miaka yote. Hakuna aliyemjibu, na kikao kikahamia kwenye maturubai. Swali lile limenikaa. Ninataka kinywaji cha matunda halisi, chenye gesi, kisicho na kilevi kabisa, kinachoweza kuandaliwa kwa watu mia moja na kinachomfanya mgeni ajione amepokelewa kwa heshima sawa na aliyepewa bia. Mliowahi kukiandaa Arusha au Moshi, naomba mseme kilichotokea, kizuri na kibaya.

Wa Kiboriloni

Dada wa Sakina, umenikumbusha jambo ambalo familia yetu hailizungumzi mara kwa mara.

Ilikuwa send-off ya binti wa mjomba, mwezi wa Januari, na wote mnalifahamu joto la Moshi mwezi huo. Kamati ilimpata fundi wa vinywaji aliyeahidi kutuletea alichokiita shampeni ya nanasi isiyo na kilevi. Alichemsha maganda ya mananasi na tangawizi ya Mamba Miamba kule Same, akaongeza sukari, na mchanganyiko ulipopoa akautia hamira na kuujaza kwenye chupa za plastiki za maji zilizokwisha tumika, akazifunga kwa nguvu na kuzipanga katika stoo iliyoezekwa kwa bati. Usiku wa kuamkia sherehe tulisikia mlio tukadhani transfoma imelipuka. Tulipofungua stoo, ukuta mzima ulikuwa unachuruzika, na vifuniko vya chupa nyingine vilikuwa vimevimba. Fundi alituambia kwamba hiyo ndiyo dalili ya gesi nzuri, tukamwamini.

Kesho yake, kinywaji kilipelekwa kwanza meza kuu, na pale alikuwa ameketi baba mkubwa. Baba mkubwa aliacha pombe miaka mingi iliyopita baada ya kuugua, na familia yote imekuwa ikimlinda kwa hilo, kiasi kwamba hata mbege, pombe yetu ya ndizi, hupitishwa mbali na kiti chake. Alikunywa funda la kwanza, akanyamaza. Alikunywa la pili, kisha akachukua kisahani cha keki, akakigeuza na kuifunika glasi yake, akaniita kwa mkono. Akaniuliza, "Mwanangu, hiki ni nini?" Nikamjibu kwamba ni juisi ya nanasi. Akasema, "Hii ninaifahamu kwa jina lake jingine." Aliomba koti na fimbo yake, akaondoka kabla ya kukata keki. Hakumtukana mtu yeyote. Mshereheshaji, ambaye hakuwa amejua lolote, aliita jina lake mara kwa mara ili aje atoe nasaha kwa bibi harusi, na sisi tuliokuwa tunajua tukawa tunatazama mezani.

Wa Marangu

Pole sana. Ukisikia harufu ya hamira kwenye juisi, mwaga tu, usibembelezane nayo.

Wa Njiro

Nasikitika kwa yaliyompata mzee, lakini naona tunalikuza jambo. Tangawizi ya hamira imenywewa na watoto katika nyumba nyingi tangu zamani, na mkate tunaokula kila asubuhi unatiwa hamira. Kosa lilikuwa kukiacha kinywaji kwenye joto muda mrefu. Kikikaa usiku mmoja na kuingizwa kwenye friji, kinakuwa na gesi bila kilevi.

Wa Tengeru

Ndugu wa Njiro, hapo naomba nikupinge kwa hesabu, kwa kuwa ualimu wa kemia ndio unaonilisha. Hamira inapokula sukari hutoa vitu viwili kwa pamoja, yaani gesi na kilevi, na kwa uzito karibu vinalingana: gramu 100 za sukari ya glukosi zikichachushwa kikamilifu hutoa gramu 51 hivi za kilevi na gramu 49 hivi za gesi ya kabonidayoksaidi. Kwa hiyo kinywaji chenye gesi ya wastani, tuseme gramu 4 katika kila lita, kikiwa kimeipata gesi yote kwa hamira, kitakuwa na kilevi cha gramu 4 hivi katika lita hiyo, ambacho ni takribani nusu asilimia ya ujazo. Ukitaka gesi kali kama ya soda ya dukani, unakaribia asilimia moja. Friji inaipunguza tu kasi ya hamira. Mkate ni jambo jingine, kwa sababu kilevi chake kwa sehemu kubwa huruka kwenye tanuri.

Wa Njiro

Hesabu nimeielewa, mwalimu, na ninaikubali. Hata hivyo, nusu asilimia haimlewi mtu, na zipo nchi ambazo kinywaji cha kiwango hicho huuzwa kihalali kama kisicho na kilevi. Bado sioni sababu ya kumwaga tangawizi ya hamira.

Wa Majengo

Kaka yangu wa Njiro, hakuna anayezungumzia kulewa. Mimi ni Mwislamu, ninaalikwa kwenye shughuli za majirani zangu Wakristo hapa Moshi, na ninakwenda kwa moyo mweupe. Nikiambiwa kwamba kinywaji hakina kilevi, ninakunywa kwa kuwa nimemwamini mwenyeji wangu, simwombi anionyeshe cheti. Vivyo hivyo kwa Wasabato, kwa walokole, kwa mama mjamzito na kwa mzee aliyeacha. Anayependa kutengeneza tangawizi ya hamira aitengeneze na aiite kwa jina lake, mgeni achague mwenyewe.

Wa Marangu

Nakuunga mkono kabisa.

Wa Machame

Samahanini, ninajua mada ni kinywaji, lakini siwezi kuendelea kusoma kabla sijajua: je, baba mkubwa alirudi? Na harusi alihudhuria?

Mzee wa kanisa, Kaloleni

Wakati tunasubiri jibu, niongeze historia kidogo. Swali hili liliwasumbua Wakristo wa Marekani pia. Mwaka 1869 daktari wa meno aliyeitwa Thomas Bramwell Welch, Mmethodisti wa Vineland huko New Jersey, aliipasha moto juisi ya zabibu ndani ya chupa ili isichache, akikusudia itumike katika meza ya Bwana mahali pa divai. Alikuwa anafuata ugunduzi wa Louis Pasteur. Ninalisema hili kwa sababu matunda yana hamira ya asili kwenye maganda, hivyo hata usipotia kitu chochote, juisi mbichi ikikaa nje itachacha yenyewe. Anayetaka kuandaa mapema aichemshe. Hapa Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini joto hilo linatosha kabisa kuiua hamira.

Wa Kiboriloni

Wa Machame, asante kwa kuuliza. Shangazi na mimi tulikwenda kumwona nyumbani kwake. Hakuwa na hasira. Alituambia kwamba lile funda la pili alilinywa makusudi, kwa kuwa la kwanza lilimpendeza, na hapo ndipo alipoogopa. Harusini alikuja, kwa sharti moja: kinywaji chake kichanganywe mbele ya macho yake, tunda likionekana na chupa ya maji ya gesi ikifunguliwa mezani. Tulifanya hivyo, na meza za jirani zikaomba zihudumiwe vivyo hivyo.

Wa Machame

Mungu ni mwema. Sasa endeleeni na mapishi.

Shemeji, Usa River

Kabla ya mapishi, nitoe onyo jingine. Kwenye kipaimara kimoja cha huku kwetu, waandaaji walikosa maji ya gesi, na kijana mmoja akashauri kwamba magadi ya kuokea yakikutana na ndimu hutoa gesi, jambo ambalo ni kweli. Walikuwa na ndoo ya juisi ya rozela, nyekundu ya kupendeza. Wakayamimina magadi kwa mkupuo. Povu lilipanda likamwagika hadi kwenye nyasi, na lilipotulia, ile rangi nyekundu ilikuwa imegeuka kuwa ya zambarau iliyofifia yenye ukijivu, na ladha ikawa ya chumvi na sabuni. Watoto walikataa hata kuonja.

Wa Tengeru

Rangi ya rozela hufuata uchachu, shemeji. Ukiongeza ndimu inang'aa, na magadi yakizidi inaelekea buluu. Wangeweza kuirudisha rangi kwa ndimu zaidi, ila ile ladha ya chumvi isingeondoka.

Wa Njiro

Mimi nina njia fupi. Chukueni soda nyeupe ya limau, changanyeni na juisi ya embe, kazi imekwisha. Au azimeni mtungi wa gesi.

Wa Tengeru

Mtungi uwe wa gesi ya vinywaji tu, iliyopimwa kwa ajili ya chakula. Gesi ya mitungi ya kuzimia moto au ya karakana haifai hata kidogo. Na chupa za glasi zisizotengenezwa kwa ajili ya gesi msizijaze, kwa sababu zikipasuka ni vipande vya vioo usoni.

Mpishi, karibu na soko la Kilombero

Nimesoma yote, na nimefurahi kwamba suala la hamira limesemwa wazi. Kazi yangu ni kupikia sherehe, na niseme tu kwamba kutumia soda tamu na juisi tamu, kama anavyoshauri kaka wa Njiro, humchosha mgeni kwa sukari kabla hajafika kwenye chakula. Njia yangu ni kutengeneza maji mazito ya matunda peke yake, na kuyakutanisha na maji ya gesi yasiyo na sukari dakika ileile ya kunywa.

Kwa msimu wa Desemba, ndugu zetu wanapopanda kwenda nyumbani Moshi, maembe na mananasi ni mengi, lakini mhimili wangu ni pasheni, kwa kuwa embe peke yake lina utamu uliolala. Ninazichota pasheni na kuzikamua kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko. Siziweki kwenye blenda, kwa sababu mbegu zikivunjika zinaacha uchungu na punje nyeusi. Maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri ninayachemsha na tangawizi iliyopondwa, ninachuja, na hayo ndiyo maji ninayopikia shira ya sukari. Sukari ya chembe usiitie kamwe kwenye maji ya gesi, maana kila chembe inaamsha povu na gesi yote inatoka. Nyuzinyuzi za embe zinafanya kosa hilohilo, kwa hiyo ninachuja mara ya pili kwa kitambaa safi chembamba hadi juisi ianguke bila kukatika. Shira ikipoa ninaichanganya na juisi ya pasheni, ya embe na ya ndimu. Maji haya yawe makali kuliko unavyopenda, kwa sababu yataongezewa maji.

Vipimo ni sehemu moja ya maji ya matunda kwa sehemu tatu za maji ya gesi. Kwa watu mia moja, kila mmoja akinywa glasi mbili za mililita 250, unahitaji lita 50, yaani lita 12 na nusu za matunda na lita 37 na nusu za maji ya gesi.

Baridi ndiyo inayoamua kila kitu. Maji yaliyokaribia kuganda hubeba gesi karibu mara mbili ya maji ya nyuzi 20, kwa hiyo maji ya gesi, maji ya matunda na hata glasi vyote vipoe kabla havijakutana. Weka matunda kwanza, inamisha glasi, mimina gesi taratibu kwenye ukingo, geuza kijiko mara moja tu. Ukikoroga kwa bidii unamwaga fedha yako. Barafu isiingie kwenye glasi, ibaki nje, ndani ya deli, ikizunguka chupa.

Bibi, Tengeru

Wajukuu zangu, mpishi amesema vema, ila barafu kidogo kwenye glasi haijamdhuru mtu, na wageni wa Moshi wanaipenda. Jambo ambalo hamjalitaja ni nani anayehudumiwa kwanza. Katika shughuli zetu mzee hupewa kata ya mbege akiwa ameketi, kwa mikono miwili. Huyu asiyekunywa naye apewe akiwa ameketi, kwa mikono miwili, asiachwe atafute chupa yake mwenyewe kwenye beseni.

Wa Majengo

Shikamoo bibi. Hilo ni kweli kabisa.

Mwanzisha mada, Sakina

Nawashukuru sana. Nimeamua: hamira hapana, na kuchanganya kutafanyika mbele ya wageni, kama alivyodai baba mkubwa. Swali langu la mwisho ni kwa mpishi: ubarikio ni Jumapili, na soko la Tengeru linafanyika Jumatano na Jumamosi. Nikinunua matunda Jumatano, maji ya matunda yatafika Jumapili bila kuchacha?

Mpishi, karibu na soko la Kilombero

Nunua Jumatano pasheni na mananasi, na chagua pasheni zilizoanza kukunjamana kidogo ganda, kwa kuwa hizo zimeiva. Shira ya maganda na tangawizi ipike siku hiyohiyo na uihifadhi kwenye friji. Juisi ya pasheni igandishe kwenye madumu madogo, ukiacha nafasi juu kwa sababu ikiganda inavimba. Maembe yanunue Jumamosi, kwa kuwa hayo yakikaa yanapoteza harufu. Jumapili asubuhi yatoe madumu, yakiyeyuka nusu ndipo uchanganye, na hapo utakuwa umepata baridi yako bila kutumia barafu. Onja kabla ya kwenda ukumbini. Ukikuta gesi yoyote kwenye dumu la matunda kabla hujatia maji ya gesi, usilipeleke.