Jina letu la ukoo ni Harrison na sisi ni watu wa Kisauni, nianzie wapi?

MwanaKisauni
Habari zenu wadau. Ukoo wetu unaitwa Harrison tangu babu yake babu, na sisi ni weusi tititi wa Kisauni hapa Mombasa, hakuna Mzungu hata mmoja kwa familia. Kila nikienda kuchukua karatasi ofisini naulizwa "kwenu ni wapi hasa?" na sina jibu. Nyanya kabla hajafariki alikuwa akisema sisi ni Wanyasa, basi, haongezi. Alichotuachia ni Biblia kuukuu, ngozi imebanduka mgongoni, na ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa wino uliogeuka rangi ya kutu "Harrison, Freretown, 1883". Nataka kumjua huyu mzee jamani, alizaliwa wapi, mamake alimwita nani. Nikitafuta jina kwa intaneti naletewa Waingereza tu.

Mzee_wa_Rabai
Mwanangu, acha kulifuata hilo jina, litakupeleka Uingereza na babu yako hakutoka huko. Freretown hapo Mombasa ilianzishwa na wamisheni wa CMS, yaani Church Missionary Society ya Uingereza, 1875, miaka 2 tu baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa Unguja, na jina ni la Bartle Frere, aliyetumwa kuja kuushughulikia mkataba huo. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, na baadhi ya waliookolewa wakaletwa hapo, Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengi bado watoto. Wakibatizwa wanapewa jina jipya, pengine la mmisheni, pengine la mfadhili asiyewahi kuwaona. Kwahiyo Harrison ni jina la siku ya ubatizo. Ufuate huo ubatizo, anza na vitabu vya kanisa hapo hapo Freretown, na makaratasi mengi ya CMS yamehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, waandikie uwape huo mwaka.

DadaKongowea
Mimi pia damu ya huko, hata hapo Kengeleni tunaposhuka matatu kila siku pameitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya misheni. Usisahau kuna waliopitia India kwanza, walipelekwa Bombay wakiwa watoto wakalelewa Nasik wakafunzwa useremala na uhunzi ndio wakarudishwa huku, Jacob Wainwright aliyesindikiza maiti ya mmisheni Livingstone mpaka London 1874 alikuwa mmoja wao. Lakini kaka kabla ya Birmingham keti na wazee wako, uliza majina ya nyumbani sio ya shule, manake ya nyumbani hakuna padri aliyeyagusa.

MwanaKisauni
Nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema mtoto akilia nyumbani alibembelezwa "nyamaza mwana wa Banda", na wao miaka yote walidhani ni banda, kwamba yule mzee alifungiwa bandani alipokuwa mtumwa, ndio maana hawakupenda kulizungumza.

Mzee_wa_Rabai
Subhanallah. Banda ni ukoo mkubwa wa Wachewa, huko huko Ziwa Nyasa, hata rais wa kwanza wa Malawi aliitwa Banda. Nyanya yako hakukuficha mwanangu. Mwambie shangazi leo leo, asilale na hilo banda.

MwanaKisauni
Nimemwambia. Analia, ameniomba nilirudie jina mara 3.